Kusaidiana si Kufichiana

Mzazi aliyeuza ng'ombe au kahawa ili ampeleke binti yake chuo cha uuguzi hudhani kazi imekwisha amwachapo langoni. Kumbe ndipo inapoanza. Katika miaka 3 ya stashahada binti yule atasoma viungo vya mwili, dawa na hesabu za vipimo. Tena, angali mgeni, atasimama wodini mbele ya mtu anayekata roho. Wengi huvunjika moyo hapo, wala si kwa uvivu. Huona haya kumwuliza mwalimu, maana mwalimu ndiye atoaye alama.

Kwa hiyo twaisifu desturi ya kumpa mwanafunzi mpya mwenzake aliyemtangulia, amwongoze katika masomo na wodini. Huyu juzi tu alikuwa akitetemeka vile vile. Neno lake, "Hata mimi nililia," huwa na nguvu kuliko hotuba. Naye hufaidika, kwani hakuna alijuaye jambo barabara mpaka amemweleza mwingine.

Lakini urafiki huo una deni kwa nani? Tuseme mdogo amempa mgonjwa dawa kwa kipimo kisicho chake, na mgonjwa haonekani kudhurika. Mdogo analia: "Dada, usiseme, watanifukuza." Dada afanyeje?

Wako watakaosema huruma ni kunyamaza. Sisi twakataa. Mgonjwa hakushirikishwa katika mapatano hayo, na madhara ya dawa yaweza kuchelewa kuonekana. Kila mwuguzi hufundishwa kuhakikisha mambo 5: mgonjwa ndiye, dawa ndiyo, kipimo ndicho, njia ndiyo, wakati ndio. Hayo hayakuwekwa kwa ajili ya mtihani, bali kwa ajili ya yule alalaye asiyeweza kujitetea. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humwumbua. Afichaye kosa la wodini huenda kifo kikamwangukia mwingine, asiye na hatia.

Hata hivyo, kusema kweli si kuchongea. Dada mwema humshika mwenzake mkono, wakaenda pamoja kwa mwuguzi wa zamu. Mdogo aseme kwa kinywa chake, mkubwa asimame kando yake asimwache. Hivyo mgonjwa ataangaliwa, na mdogo hatasahau. Wakuu nao wajihoji: mahali ambapo aungamaye kosa hupokewa kwa matusi, wanafunzi hujifunza kuficha kabla hawajajifunza kuuguza.

Nanyi wazazi, binti ajapo likizo, msimwulize alama peke yake. Mwulizeni ni nani amsimamiaye, naye amsimamia nani, na kama husemezana kweli. Yumkini siku moja nasi tutalala katika kitanda kile usiku wa manane, tukiwa mikononi mwa mwuguzi asiyeonwa na mtu. Usalama wetu usiku ule utategemea alichozoezwa na wenzake tangu mwaka wa kwanza.