Dunia Hii ni ya Nani? Usomi, Imani na Siasa kwa Ernst Käsemann

Kwamba mtu anaisoma Biblia katika Kigiriki na Kiebrania, anazijua tofauti za nakala za kale na anaweza kueleza historia ya kila kitabu, hakumpi kinga yoyote dhidi ya kuigeuza Biblia hiyo hiyo kuwa mhuri wa dhuluma. Na ushahidi wa jambo hili ulitolewa kwa wingi na Ujerumani ya miaka ya 1930, nchi iliyokuwa kitovu cha uhakiki wa Biblia. Gerhard Kittel, profesa wa Agano Jipya huko Tübingen, alianza mwaka 1933 kuchapisha kamusi kubwa ya kiteolojia ambayo wanafunzi wa Agano Jipya wanaitumia mpaka leo, na mwaka huo huo akajiunga na chama cha Wanazi na kutoa kijitabu kilichotaka Wayahudi wa Ujerumani wapunguziwe haki na kuhesabiwa kuwa wageni tu katika nchi yao. Walter Grundmann, aliyewahi kuwa msaidizi wake, aliongoza kazi ya taasisi iliyofunguliwa Eisenach mwaka 1939 kwa lengo la kuondoa kila dalili ya Uyahudi katika maisha ya Kanisa, na mwaka uliofuata akadai kwamba Yesu mwenyewe, kwa uwezekano mkubwa, hakuwa Myahudi. Wote wawili walikuwa wasomi wa kweli, na hapo ndipo ugumu ulipo, kwani ingekuwa rahisi mno kuwataja kama mabingwa wa uongo na kufunga mjadala.

Swali linalobaki ni nini kinachomfanya mfafanuzi mmoja wa maandiko amfuate mtawala na mwingine ampinge, ilhali wote wamepita katika madarasa yanayofanana na kutumia mbinu zile zile. Ernst Käsemann (1906–1998) alilikabili swali hilo kwa gharama kubwa. Alikuwa mwanafunzi wa Rudolf Bultmann huko Marburg, na kuanzia mwaka 1933 mchungaji wa usharika wa wachimbaji wa makaa ya mawe katika eneo la Rotthausen, Gelsenkirchen. Hakuanza akiwa shujaa, maana kama Waprotestanti wengi wa nchi yake alimuunga mkono Hitler mwanzoni. Lakini upesi alijiunga na wachungaji waliounda Kanisa la Ukiri, yaani umoja wa sharika zilizokataa serikali iyatawale mafundisho ya Kanisa. Agosti 1937 alihubiri juu ya maneno ya Isaya 26, ambamo watu wa Mungu wanakiri kwamba mabwana wengine wamewatawala ila wao watalitaja jina la Bwana peke yake, na Gestapo, polisi wa siri wa utawala wa Wanazi, wakamtia ndani kwa majuma kadhaa.

Akiwa kizuizini aliukamilisha utafiti wake juu ya Waraka kwa Waebrania, uliochapishwa mwaka 1939, ambamo Kanisa linaelezwa kuwa watu wa Mungu walio safarini, wasio na mji wa kudumu hapa duniani. Hoja zake kuhusu chimbuko la Kinostiki la Waraka huo, yaani kuuhusisha na madhehebu ya kale yaliyofundisha kwamba roho huokolewa kwa maarifa ya siri, zimeachwa na watafiti wengi wa leo. Hata hivyo wazo kuu limebaki: watu wanaosafiri hawawezi kutangaza taifa, damu na ardhi kuwa makao yao ya mwisho.

Baada ya vita alifundisha Mainz na Göttingen, kisha kuanzia mwaka 1959 Tübingen, chuo kile kile cha Kittel. Mhadhara wake wa Oktoba 1953, alioutoa Jugenheim mbele ya wanafunzi wa zamani wa Marburg, ulimpinga mwalimu wake mwenyewe. Bultmann alishikilia kwamba imani husimama juu ya tangazo la Kristo aliyesulubiwa na kufufuka, na kwamba haihitaji kuthibitishwa na Yesu wa historia, yaani Yesu kama anavyoweza kujulikana kwa njia za kawaida za wanahistoria. Käsemann alikubali kwamba wasifu kamili wa Yesu hauwezi kuandikwa, lakini akasisitiza kwamba Kristo wa mahubiri, akitengwa na mtu yule wa Nazareti, huishia katika udoseti, fundisho la kale lililodai kwamba ubinadamu wa Yesu ulikuwa sura tu. Kwa nje mabishano hayo ni ya kitaalamu mno, lakini kwa kizazi kilichoona Kristo wa Kiaria akitungwa Eisenach yalikuwa na uzito mwingine, kwa sababu Kristo asiye na historia hana njia ya kumkataa anayemvika sare.

Kiini cha fikra zake, hata hivyo, kiko katika Waraka kwa Warumi na maana ya haki ya Mungu. Desturi ndefu ya mahubiri ya Kilutheri imeielewa haki hiyo kama zawadi apewayo mwenye dhambi, mmoja mmoja, anapohesabiwa haki kwa imani. Mwaka 1961 Käsemann alidai kwamba kwa Paulo zawadi haitengani na Mtoaji wake: haki ya Mungu ni uwezo wa Mungu anayeidai tena dunia iliyoasi, na anayeipokea anahama utawala, anatoka chini ya bwana mmoja na kuingia chini ya mwingine. Ndiyo maana alishikilia kwamba teolojia ya Kikristo ilizaliwa na fikra za kiapokaliptiki, yaani matarajio kwamba Mungu yu karibu kuuhukumu ulimwengu na kuutwaa, kwani fikra hizo hazikujishughulisha sana na roho ya mtu itakwenda wapi baada ya kufa, ziliuliza dunia hii ni ya nani. Vivyo hivyo mwili, katika nyaraka za Paulo, aliuelewa kuwa mtu mzima kwa jinsi anavyohusiana na wengine na anavyotawaliwa, hivyo ibada ya kuitoa miili inayotajwa katika Warumi 12 hufanyika kiwandani na mahakamani sawasawa na kanisani.

Kwa msingi huo hata Warumi 13, sura iliyotumiwa na watawala wengi kudai utii usio na mipaka, ilisomwa upya. Käsemann aliona kwamba Paulo hakuwa akitunga nadharia ya dola, alikuwa akiwaonya waumini waliodhani kwamba uhuru wao katika Kristo umewaondoa katika wajibu wa kila siku, na kwamba utii wa Mkristo hukoma pale anapozuiwa kumtumikia Bwana wake. Msimamo huu ulimpa maadui wa pande mbili. Kwa wacha Mungu wahafidhina, waliomshutumu yeye na wenzake kwa kuibomoa Biblia, alijibu mwaka 1968 kwa kitabu kikali juu ya Yesu na uhuru, akidai kwamba uchaji unaoogopa kuhojiwa umeshachagua ulinzi mwingine badala ya Mungu. Na kwa wasomi wenzake hakuficha kwamba utafiti usiothubutu kuwapinga wenye nguvu ni starehe ya chuoni.

Mwaka 1977 mambo haya yalimfikia nyumbani. Binti yake Elisabeth, aliyefanya kazi miongoni mwa maskini na kushirikiana na wapinzani wa utawala wa kijeshi wa Argentina, alitekwa Buenos Aires mwezi Machi, akateswa katika kambi ya siri ya El Vesubio na kuuawa mwezi Mei, huku jeshi likidai amekufa katika mapambano ya silaha na serikali ya Ujerumani Magharibi ikilaumiwa kwa kutojishughulisha vya kutosha kumwokoa. Mwaka huo huo, sinodi ya Kanisa la Württemberg ilipoinyima fedha jumuiya ya wanafunzi wa Kiprotestanti ya Tübingen kwa sababu ya misimamo yake ya kisiasa, Käsemann alitangaza kujitoa katika Kanisa hilo. Mtu anaweza kuhoji kama mwanazuoni aliyefundisha kwamba Wakristo ni mwili mmoja alikuwa na haki ya kuondoka. Inaelekea yeye aliona kwamba ni sinodi iliyoondoka.

Kuna mahali ambapo kipimo chake hakikumpima yeye mwenyewe vya kutosha. Alipoeleza mafundisho ya Paulo juu ya torati alimchukua Myahudi kuwa mfano wa mtu wa dini kwa jumla, anayetegemea matendo yake mbele za Mungu, na ingawa kusudi lake lilikuwa kumshitaki Mkristo anayejikinai, picha hiyo iliurithi upotoshaji wa karne nyingi, ule ule uliowarahisishia kazi akina Grundmann. Mwaka 1977 pia ndipo msomi E. P. Sanders alipochapisha uchunguzi wake mpana wa maandishi ya Kiyahudi ya Palestina, akionyesha kwamba kwa sehemu kubwa maandishi hayo yanaitanguliza neema ya agano kuliko utii wa torati, na kwamba Myahudi anayejihesabia stahili ametokana zaidi na mabishano ya Kiprotestanti kuliko na sinagogi. Käsemann, aliyedai Yesu wa historia dhidi ya Kristo aliyetungwa, hakuwadai Wayahudi wa historia kwa ukali uleule, na ufafanuzi wake wa Waraka kwa Warumi wa mwaka 1973, mojawapo ya vitabu vizito zaidi vilivyoandikwa juu ya Waraka huo katika karne ya 20, unasomwa sasa pamoja na pingamizi hilo.