Mtani Hakosi Msibani

Je, mtu anaweza kuipenda Simba au Yanga kwa moyo wote, kisha akabakiwa na moyo wa kuipenda Taifa Stars? Kila kikosi cha Stars kinapotangazwa, kabla hatujauliza nani yuko fiti, tunahesabu: wa Simba wangapi, wa Yanga wangapi? Mwenye wachache anaanza kununa.

Hapa Musoma tunajua jinsi klabu hizo zilivyotushika. Biashara United ilipokuwa Ligi Kuu, Simba au Yanga ikija Uwanja wa Karume, timu ya mkoa iligeuka mgeni kwao. Watu waliozaliwa Kitaji, Bunda na Butiama walivaa nyekundu, au kijani na njano, wakashangilia timu ya Kariakoo.

Wapo wanaosema dawa ni kupunguza mapenzi ya klabu. Mimi sikubali. Uwanjani, ukaribu wa klabu ni mtaji. Beki na kiungo waliocheza pamoja misimu mitatu hawahitaji kuitana. Kila mmoja anajua mwenzake atakuwa wapi. Hispania ilipochukua Kombe la Dunia 2010, wachezaji sita wa Barcelona walianza fainali, na golini alisimama Casillas wa Real Madrid. Mwaka uliofuata mechi za klabu hizo zikawa za ugomvi mkali. Casillas na Xavi, marafiki tangu timu za vijana, wakaulinda urafiki wao, na 2012 wakatunukiwa pamoja Tuzo ya Mwanamfalme wa Asturias. Hatari haikuwa mapenzi ya klabu. Ilikuwa chuki, nayo ni kitu kingine kabisa.

Sisi tuna neno la kutenganisha vitu hivyo viwili: utani. Simba na Yanga tunaziita watani wa jadi, kama tunavyosema watani wa makabila. Mtani anakukejeli mbele za watu, nawe unacheka. Lakini ana wajibu. Ukifiwa anakuja, anashika kazi, anawachekesha wafiwa. Anayekukejeli mwaka mzima halafu msibani haonekani, huyo si mtani, ni adui anayejua kuchekesha.

Sasa, mechi ya Stars ndiyo msiba wetu na ndiyo harusi yetu. CHAN ya 2025, mashindano ya wachezaji wa ligi za nyumbani, ilitupima. Kapombe wa Simba aliifunga Mauritania dakika ya 89; Mzize wa Yanga akaifunga Madagascar mabao mawili. Kwenye kibanda umiza nilikokuwa, shabiki mmoja wa Yanga alimrukia jirani yake kwa furaha bao la Kapombe lilipoingia. Kisha akasema, "Ila ligi ikianza, namzomea huyu!" Huyo ndiye mtani. Aliyenisumbua ni yule wa kona, aliyekunja mikono kwa sababu mfungaji hakuwa wa kwake.

Mchezaji naye ana mtihani huohuo, tena wa sekunde moja: mpira uko mguuni, mwenzake wa klabu amebanwa, mtani yuko wazi. Hapo hakuna hotuba ya uzalendo itakayomsaidia. Atampa yule aliyezoea kumheshimu hata alipokuwa anamkejeli.

Kwa hiyo tusimwombe mtu aache Uyanga au Usimba kwa dakika tisini. Tumwombe afike msibani, ashike kazi.