Thamani ya Mtu Huru

Klabu ya mpira inapoelemewa na madeni, ikawa mishahara haijalipwa na wadai wamejaa mlangoni, viongozi wake aghalabu humtazama mchezaji aliye bora kuliko wote na kusema kwamba huyo ndiye wa kuuzwa ili waliobaki waokoke. Kauli hiyo imezoeleka hata haimshtui mtu, ilhali ndani yake limo swali ambalo dini na akili haziwezi kulipita kimya: ni kitu gani hasa kinachouzwa hapo, na ni nani mwenye haki ya kukiuza?

Hapa Berea, mjini Johannesburg, ambako Wakongo wa Kivu na Watanzania husikilizana kwa Kiswahili chini ya mnara wa Ponte, swali hilo lina uzito wa pekee, kwa kuwa mji huu umejengwa kwa jasho la watu walioletwa kwa mikataba. Wenela, shirika lililoundwa na wenye migodi ya dhahabu mwanzoni mwa karne ya ishirini, liliandika vibarua kutoka Msumbiji, Nyasa na hata Tanganyika, na migodi ikagharimia kila kichwa kilichofika. Naye kibarua mgeni, ingawa hakuitwa mtumwa, na ingawa alipata ujira na kurudi kwao muda wake ulipokwisha, hakuulizwa angependa kushushwa katika mgodi upi. Alikuwa muungwana kwa jina, lakini hiari yake ilikuwa mikononi mwa wengine.

Wanazuoni wa Kiislamu walilipambanua jambo hili karne nyingi kabla ya mpira kuwa biashara. Walitenganisha bai, yaani mauzo, na ijara, yaani ukodishaji, wakasema kwamba kiuzwacho ni mali, na mtu huru si mali ya yeyote. Kinachoweza kukodishwa ni manufaa ya kazi yake, kwa muda unaojulikana, kwa ujira unaojulikana, na kwa ridhaa yake mwenyewe. Katika hadithi iliyopokewa na Imamu Bukhari wametajwa watu ambao Mwenyezi Mungu mwenyewe atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama, na miongoni mwao yumo aliyemuuza mtu huru akala thamani yake, na yumo pia aliyemwajiri mfanyakazi, akaipata kazi yote, kisha asimpe haki yake. Yafaa viongozi wa klabu waizingatie sana hadithi hiyo, madhali dhambi hizo mbili zimewekwa pamoja, na klabu yenye dhiki yaweza kuangukia zote mbili kwa siku moja.

Kwa hiyo klabu haina mchezaji wa kumuuza. Ina mkataba tu, na fedha inayopokea ni fidia ya muda uliobaki katika mkataba huo. Sheria za kilimwengu nazo zilifika karibu na ukweli huu tarehe 15 Desemba 1995, Mahakama ya Haki ya Ulaya ilipoamua, katika kesi ya Mbelgiji Jean-Marc Bosman, kwamba mchezaji aliyemaliza mkataba wake huondoka bila klabu yake ya zamani kudai malipo katika nchi za Umoja wa Ulaya. Mkataba ukiisha, hakuna kilichobaki cha kuuzwa.

Wala isidhaniwe kwamba kila mauzo ni dhuluma. Mchezaji Mbwana Samatta alitoka klabu ya Simba mwaka 2011 akaenda TP Mazembe ya Lubumbashi, akafika Genk mwaka 2016 na Aston Villa mwaka 2020. Angefungiwa Dar es Salaam kwa kisingizio cha mapenzi ya klabu, huko ndiko kungekuwa kumdhulumu. Ridhaa ya mchezaji yaweza kuufanya uhamisho kuwa mlango wa riziki, na kumzuia anayetaka kwenda ni kosa sawa na kumsukuma asiyetaka.

Tatizo ni dhiki, kwa sababu mwenye dhiki hujisamehe haraka. Mwaka 2019 Gor Mahia ya Kenya ilimpoteza mfadhili wake SportPesa, kampuni ya kamari iliyokuwa katika mgogoro wa leseni na kodi, na mwaka huo huo mshambuliaji wake kutoka Rwanda, Jacques Tuyisenge, akahamia Petro de Luanda ya Angola. Klabu iliyoegemea fedha za kamari haikosi siku ya kuanguka, na ikianguka, hutafuta wa kuegemea miongoni mwa vijana wake. Mafakihi wanakubali kwamba dharura huhalalisha yaliyokatazwa, lakini kwa kadiri yake tu. Na dharura iliyozaliwa na ubadhirifu wa viongozi haiwi hoja ya kila msimu. Mvuvi akiuza ngalawa yake kulipa deni la jana, sharti ajiulize kesho atavulia nini.

Na hata bei ikikubaliwa, si lazima ifike. Simba ilimuuza Emmanuel Okwi kwa Étoile du Sahel ya Tunisia mwezi Januari 2013, kwa dola 300,000, na miaka ikapita klabu ikiidai fedha hiyo: mchezaji alikuwa amekwenda, na deni lilikuwa halijalipwa.

Huku kwetu, magharibi ya Berea, ng'ambo ya Hillbrow, palikuwa na Wits, klabu ya chuo kikuu iliyoanzishwa mwaka 1921 na kutwaa ubingwa wa ligi mwaka 2017. Mwezi Juni 2020 nafasi yake katika ligi iliuzwa kwa klabu ya TTM ya Limpopo, na mwaka uliofuata nafasi hiyo ikawa ya Marumo Gallants. Nahodha Thulani Hlatshwayo alikwenda Orlando Pirates, na wengine wakatawanyika kila mmoja na njia yake. Ikiwa klabu nzima yaweza kubadili mmiliki kwa saini, basi ni wajibu zaidi kwamba mchezaji aulizwe kwanza, wala asiarifiwe baadaye.

Hukumu yangu ni hii. Klabu iliyo na deni yaweza kumwachia mchezaji wake kwa fidia, mradi yeye mwenyewe ameridhia akijua aendako na atakacholipwa, na mradi fedha hiyo inalipa kwanza ujira wa mfua nguo, wa mlinzi wa lango la uwanja na wa wachezaji waliobaki, kabla ya kugusa posho ya kiongozi yeyote. Nanyi mashabiki, mnapoambiwa kwamba nyota wenu ameuzwa, msiulize bei peke yake. Ulizeni kama aliridhia, na fedha imelipa deni la nani.