Sherehe ya ndoa kwa unga wa posho

Je, ni haki mtu anayekula posho afanye sherehe? Hapa Nyarugusu, ambapo sisi Wakongo tupo tangu 1996, kuna wanaosema: kama mna cha kupikia wageni, basi posho inawatosha.

Haitoshi. Mama akitaka kupika sombe ya mawese na ndakala siku ndoa yake inapotimiza miaka 20, anaanza kupunguza bugali wiki nyingi kabla, na maharage mengine anayapeleka sokoni. Hapo ndipo penye ugumu. Watoto hawakuulizwa, na wao ndio wanaolala nusu njaa ili wageni washibe. Mimi nasema waulizwe kwanza. (Wangu watakubali haraka, sababu ya maandazi.)

Lakini kutosherehekea kabisa, hapana. Kadi ya posho inahesabu vichwa vya nyumba hii tu, jirani hayumo. Siku ya sherehe anaitwa, anapewa kiti cha kuazima, anapakuliwa kabla ya wenyeji. Na baba, ambaye mwezi mzima anapanga mstari kupewa, siku hiyo anazunguka uani akiuliza nani bado hajapata.