Machozi ya sebuleni

Filamu ya Soul Boy, iliyoongozwa na Hawa Essuman na kutoka mwaka 2010, ilirekodiwa Kibera, mtaa wa mabanda jijini Nairobi. Ndani yake mvulana Abila anahangaika kuirudisha roho ya babake iliyopotea, na rafiki yake Shiku yuko bega kwa bega naye: Abila ni Mluo, Shiku ni Mkikuyu. Kwa Mkenya aliyeziona ghasia za kikabila za mapema 2008, baada ya uchaguzi, hilo si jambo dogo. Ndiyo maana kuna wanaotokwa na machozi, nami nayaamini machozi hayo.

Lakini hapa Mountain View, mtaa wa wenye nafasi Nairobi, mtaa wa mabanda wa Kangemi ni jirani kabisa. Familia imejaa kwenye kochi, sauti imeongezwa, na dada wa kazi, aliyetoka Kangemi alfajiri, anaitazama filamu hiyo hiyo akiwa amesimama mlangoni mwa jikoni, kitambaa cha vyombo mkononi. Anacheka kabla ya wengine, maana vichochoro vile anavijua. Hakuna aliyemkataza kuketi; hakuna aliyesogea pia. Mara nyingi ni mtoto mdogo anayemwita: "Auntie, kuja ukae hapa." Aketi basi, kwa sababu ni yeye atakayetuambia filamu imepatia wapi na imekosea wapi.