Imamu Asiyetusikia

Mombasa na Makka ziko karibu kwenye mstari mmoja wa longitudo, nyuzi 39 na kitu mashariki. Kibla chetu basi ni kaskazini, hakipindi huku wala kule, na saa zetu ni zilezile za Saudia. Ramadhani inapoangukia Machi, kama ilivyokuwa mwaka 2025, jua linatuchwea sisi na wao kwa tofauti ya dakika chache. Anayefuturu Mji wa Kale na anayefuturu kwenye ua wa Masjid al-Haram wanatia tende kinywani karibu pamoja, ingawa kati yao kuna kilomita 2,800 hivi.

Naitanguliza jiografia hii kwa sababu ndiyo inayolifanya swali la mama yangu kuwa gumu. Mama ameshapita miaka themanini, na magoti yake hayamruhusu tena ngazi za nyumba yetu, sembuse kutembea hadi msikitini. Anataka kujua: akiswali tarawehe sebuleni nyuma ya imamu wa Makka anayemwona kwenye runinga, je, ameswali jamaa?

Mazoea yenyewe yalianza mwaka 2020. Misikiti ya Kenya ilifungwa Machi, na mwezi wa Mei Mji wa Kale nao ukafungwa, haingii mtu wala hatoki. Makka pia umma ulizuiwa, na tarawehe zikapunguzwa hadi rakaa kumi. Wanangu walikuwa wamekaa tu ndani, na mmoja wao akaanza kumrushia bibi yake picha za Haram kutoka kwenye simu hadi kwenye runinga. Mama akaziona safu chache mno mbele ya Al-Kaaba, akalia kwa sauti. Kwa miaka iliyofuata hakukubali runinga ile izimwe wakati wa tarawehe.

Nilimtaka mwanangu anieleze kinachotokea hasa kati ya simu na runinga, akanieleza mara kadhaa hadi nikaelewa, maana huwezi kulitolea jambo hukumu kabla hujalijua. Kumbe njia ni mbili. Ya kwanza, simu inanakili kila kilicho kwenye kioo chake na kukituma hewani hadi kwenye runinga, picha baada ya picha. Hapo hakuna siri: usiku mmoja ujumbe wa dada yangu kuhusu mtungi wa gesi ulikatiza juu ya Al-Kaaba, Mama akiwa katika tahiyatu. Njia ya pili, ambayo ndiyo tunayoitumia sasa, simu haibebi picha kabisa. Inaiambia runinga tu picha iko wapi, kisha runinga yenyewe inaifuata kwa Wi-Fi ya nyumbani, na simu inakaa kando kama mtu aliyemwelekeza mgeni njia. Unaweza kupokea simu, ukazungumza jikoni, na imamu asikatike.

Lakini hata njia hii haikufikishi kwenye dakika ileile. Picha zinazorushwa kwa intaneti hukatwa vipande vya sekunde chache chache, na runinga huhifadhi vipande kadhaa kabla ya kuanza kuonyesha, ili mtandao ukisuasua picha isigande. Hili sikuhitaji kuelezwa, nililisikia kwa masikio yangu. Jirani yetu ana dishi, na nyumba za huku ukuta ni mmoja. Imamu wetu alikuwa bado katikati ya Fatiha, mara Amin ya Makka ikaingia kupitia ukutani, nene, ya umati mzima. Sisi yetu tuliipata baadaye, wakati imamu kwa jirani ameshaanza sura. Mama, aliyekuwa amesimama na mikono yake kifuani, aligeuza jicho kidogo kuelekea ukuta.

Kila aliyesoma madrasa za pwani amepitia Safina, kile kitabu kidogo cha Salim bin Sumair al-Hadhrami, na atakumbuka masharti kumi na moja ya kumfuata imamu. Usimtangulie. Zijue harakati zake. Muwe pamoja ndani ya msikiti mmoja, au umbali usizidi kiasi cha dhiraa mia tatu, ambazo ni kama mita 150. Kwa mizani hiyo swali la Mama limekwisha hata kabla ya kuchemsha chai. Nami ni Mshafii, sina haja ya kutafuta mlango wa kutokea.

Ila nilijua kwamba yuko mwanachuoni aliyeufungua mlango huo. Ahmad al-Ghumari wa Tangier, aliyefariki Cairo mwaka 1960, aliandika kitabu kizima kutetea swala ya Ijumaa inayoswaliwa nyumbani nyuma ya redio. Wanachuoni wengi mno walimpinga, na nadhani walikuwa na haki. Lakini hakuandika ovyo. Aliweka masharti, na miongoni mwake ni kwamba wakati wa swala uwe umeingia kote kuwili, na mji wa maamuma, yaani anayemfuata imamu, uwe nyuma ya mji wa imamu kwa upande wa kibla. Sasa tazama ramani. Mombasa iko nyuma ya Makka kana kwamba imepangwa kwa uzi. Kama kuna watu duniani ambao kauli ya al-Ghumari ingewafaa, basi ni sisi wa pwani hii. Ndiyo maana sikutaka kumjibu Mama kwa dhiraa peke yake. Mtu mwenye shauku ukimhesabia mita atanyamaza, lakini moyo wake hautakuwa umejibiwa.

Kisha ikatokea lile la sura Yasin.

Ilikuwa usiku wa kumi kwetu, wa kumi na moja kwao, kwa kuwa wao walianza kufunga siku moja kabla yetu. Runinga ilikuwa imeandikwa kwamba ni moja kwa moja kutoka Makka. Mama aliswali rakaa mbili, akatoa salamu, akakaa akitazama kioo kwa muda.

“Huyu amefikaje Yasin?” akauliza.

“Vipi, Mama?”

“Usiku wa leo wanasoma juzuu ya kumi, ya kumi na moja. Yasin iko mbali. Huyu ameruka nusu ya msahafu?”

Mwanangu akashika simu, akatafuta. Ilikuwa rekodi. Mtu fulani alikuwa amechukua tarawehe za mwaka uliopita na kuzirusha kwa jina la moja kwa moja. Mama alikuwa ameswali rakaa mbili nyuma ya mtu aliyemaliza swala yake mwaka mzima nyuma. Inawezekana kabisa kwamba saa ile imamu mwenyewe alikuwa nyumbani kwake, anakula.

Mama alichukua tasbihi yake, akaiweka tena. “Basi nilikuwa namfuata nani?” akasema.

Swali hilo silo lile la kwanza, na naona ndilo linalofika kwenye mzizi. Wakati wa rakaa zile machozi yalimtoka, niliyaona. Je, yalikuwa ya uongo? Hapana. Maneno aliyoyalilia ni maneno ya Mwenyezi Mungu, na hayachakai kwa kurekodiwa. Al-Ghazali, katika kitabu chake cha siri za swala ndani ya Ihya, ameyataja mambo ya ndani yanayoipa swala uhai, na la kwanza ni moyo kuhudhuria. Moyo wa Mama ulihudhuria usiku ule kuliko wangu mimi, niliyekuwa nafikiria unga wa maandazi ya daku. Kwa hilo rekodi haikumpunguzia kitu. Lakini kufuata ni jambo jingine. Kulia unaweza kulia kwa kisomo cha aliyekufa miaka hamsini iliyopita. Kumfuata mtu katika rukuu yake huwezi mpaka awe anarukuu. Vitu hivi viwili vilikuwa vimekaa pamoja ndani ya Mama kama kitu kimoja, na rekodi ile ikaja ikavitenganisha.

Na ukishavitenganisha, ile “moja kwa moja” halisi nayo haina pa kujificha. Tofauti yake na rekodi ni ya kiasi tu, nusu dakika badala ya mwaka. Katika madhehebu yetu, maamuma akichelewa nyuma ya imamu kwa nguzo mbili za vitendo bila udhuru, swala yake inabatilika. Ndani ya sekunde zile tulizochelewa nyuma ya dishi la jirani, imamu huweza kuwa ametoka rukuu, ameitidali, na paji lake la uso liko chini, huku Mama bado amemwona amesimama.

Hata hivyo tuseme mafundi wakaiondoa nusu dakika hiyo. Tuseme picha ifike papo kwa papo, safi, kubwa kama ukuta. Bado ningesema si jamaa, na sababu yangu nimeipata kwa Mtume mwenyewe (S.A.W.). Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba alikuwa akiingia kwenye swala akitaka kuirefusha, kisha akasikia kilio cha mtoto nyuma yake, akaifupisha, kwa kujua uzito unaompata mama wa yule mtoto. Muadh bin Jabal naye alikemewa vikali kwa kuwarefushia watu, kwani nyuma ya imamu wapo wadhaifu, wagonjwa na wenye haja zao. Imamu basi ni mtu anayesikia. Anachofanya kinawafikia walio nyuma yake, na walio nyuma yake wanamfikia yeye. Akisahau, wanaume husema Subhanallah na wanawake hupiga kofi, naye akikumbuka hurejea. Akitengukwa na udhu, humvuta mmoja kutoka safu ya mbele amalizie.

Mama akipiga kofi sebuleni kwetu, atakayesikia ni mimi na paka. Mjukuu mchanga akilia, imamu wa Makka hatafupisha hata aya moja, na hana kosa, kwa sababu kwake yeye sisi hatupo.

Kuna hoja dhidi yangu, na niliitoa mwenyewe kabla haijatolewa na mtu. Mwanamke aliye kwenye paa la Haram, safu za mwisho kabisa, naye hasikiki. Sauti inamfikia kwa vipaza sauti, imamu hamwoni kabisa. Ana tofauti gani na Mama? Nilikaa na hoja hii muda mrefu. Jibu langu ni kwamba yule mwanamke anamgusa aliye kando yake. Akizimia, mtu atainama kumshika. Kutoka begani kwake safu moja inaungana na nyingine hadi kwa imamu, na habari inaweza kupita humo kwenda na kurudi, kama takbiri zinavyopokezanwa misikiti mikubwa na wapaza sauti tangu zamani, kabla ya umeme. Kati ya Mama na safu ya mwisho ya Makka kuna bahari, jangwa, na mitambo inayopeleka upande mmoja tu.

Nilipomweleza hivi hakubishana. Aliuliza tu: “Kwa hiyo mimi sina jamaa tena mpaka kufa?”

Anayo, ndani ya nyumba yake. Mwanamke huswalisha wanawake wenzake, akisimama katikati ya safu na si mbele yao. Hili nalifundisha kila mwaka darasani, na sijui kwa nini tumeliacha kitabuni. Sasa tunaswali sebuleni, Mama kitini upande wa kulia, binti zangu wawili upande wa kushoto, runinga imezimwa. Isha yetu huingia mapema kuliko ya Makka, kwani huko mwezi wa Ramadhani huiweka saa mbili baada ya magharibi, kwa hiyo tukimaliza rakaa zetu wao ndio kwanza wanaanza. Hapo mwanangu anaiwasha, na Mama anatazama mpaka usingizi umshike. Katika kunuti ya witri anainua mikono na kuitikia Amin, na sijamkataza, maana kuitikia dua hakuna sharti la safu.

Linalonisumbua ni wale wasio na binti wawili. Nyumba ya tatu kutoka kwetu yuko bibi aliyebaki peke yake, watoto wake wote wako Muscat na London. Wamemnunulia runinga kubwa na kulipia intaneti, na kila usiku anaswali nyuma ya kioo hicho. Siwezi kumgongea mlango nikamwambia swala yako ya jamaa haikusihi, kisha nikarudi kwangu. Ukimwondolea mtu imamu aliyenaye, ingawa ni wa kioo, mzigo wa kumpatia mwingine unakuangukia wewe. Naona ndilo jambo tulilojisahaulisha: vyombo hivi vimewapa wazee wetu kitu cha kutazama, nasi tukajiona tumewatembelea.

Nimezungumza na wenzangu wa darasa, tukakubaliana kwamba Ramadhani ijayo, siku nne za juma, wawili wetu waende kwake baada ya futari na kuswali naye. Tulipompelekea habari alifurahi, ila alitoa sharti: atakayeswalisha akae upande wake wa kushoto na asome kwa sauti, kwa sababu sikio la kulia halisikii, na asirefushe, kwa sababu dawa ya presha anainywa saa tatu.