Sauti Hii ni ya Nani?

Tuanze na swali la kitoto: mtu akiiga sauti ya mwenziwe, je, amesema uongo?

Ndugu msomaji, usicheke. Swali hili limenikosesha usingizi, na chanzo chake ni kidude cha kukanyaga kwa mguu kinacholingana na Biblia ya mama yangu.

Kundi letu lina watu wanne: solo, ridhimu, besi na drams. Mimi ni ridhimu, tena ya kubahatisha. Wenzangu wananivumilia kwa kuwa ndiye ninayetunga maneno ya nyimbo, na kwa kuwa nilimaliza kidato cha nne nikiwa na Kiingereza cha kutosha kusomea vijitabu vya maelekezo. Basi tulipovunja kibubu baada ya miezi minane ya kudunduliza, nikabebeshwa fedha za watu wote wanne nikaambiwa niende Kariakoo kununua pedali ya efekti. "Katafute kitu kidogo chenye kila kitu," mpiga solo wetu akaniagiza.

Hebu yatazame maneno hayo. Kitu kidogo chenye kila kitu. Mwanafalsafa angeweza kukaa nayo mwaka mzima.

Kwa asiyejua: gitaa la umeme likiachwa peke yake lina sauti nyembamba. Kati ya gitaa na amplifaya wapigaji huweka pedali za kuigeuza sauti hiyo. Moja inaikwaruza, nyingine inaipa mwangwi, nyingine inaipepea kama bendera. Zamani kila pedali ilikuwa na kazi yake moja, na mwenye nazo alitembea na furushi la visanduku na nyaya. Pedali ya efekti nyingi imezikusanya zote kwa hesabu. Sauti ikiingia hupimwa, kwa kawaida mara 44,100 au 48,000 kwa kila sekunde, ikawa tarakimu, tarakimu zikachezewa, kisha zikarudishwa kuwa sauti. Humo ndani hamna ukumbi wala spika kubwa. Mna hesabu inayosema: kama ungekuwapo ukumbi, ungesikika hivi.

Muuzaji akaniunganishia gitaa, akafungua sauti ya kwanza ya kiwandani. Nikapiga noti tatu tu, tena mbovu, na mle dukani pakawa kama uwanja wa mpira usiku wa tamasha. Watu wawili waliokuwa wanapita nje wakageuka. Nami nikavimba kichwa, sifichi. Halafu ghafla nikaona haya. Nilikuwa nimevikwa kilemba cha ukoka, na aliyenivika ni mashine.

Nikatoka bila kununua. Njia nzima nilikuwa namfikiria Plato. Katika Jamhuri anasema kitanda cha kweli ni wazo; seremala anatengeneza kivuli cha wazo hilo, na mchoraji anachora kivuli cha kivuli. Sasa nipime mimi. Pedali inaiga amplifaya ya Wazungu, nami naitumia pedali ili nisikike kama wao. Mimi ni wa ngapi kutoka kwenye ukweli?

Lakini nilipoanza kuchimba habari za hizo sauti zenyewe, Plato akaanza kuniponyoka. Mwaka 1961 ulitoka wimbo wa Marty Robbins wa Marekani uitwao Don't Worry. Walipokuwa wanaurekodi Nashville, gitaa la besi la Grady Martin lilipitia kwenye mtambo wenye hitilafu, likatoka linakoroma. Wakauacha mkoromo ule ndani ya wimbo. Fundi aliyekuwa anarekodi, Glenn Snoddy, akatafuta namna ya kuuunda tena kwa makusudi, na mwaka 1962 ukaingia madukani kama pedali, Maestro Fuzz-Tone, ikinadiwa kwamba itafanya gitaa lisikike kama ala za kupuliza. Mwaka 1965 Keith Richards wa Rolling Stones akaitumia katika Satisfaction. Mwenyewe ameeleza kwamba alikuwa anashikilia nafasi tu, akitegemea tarumbeta zije kupigwa hapo baadaye. Hazikupigwa. Na mwaka mmoja kabla yake, Dave Davies wa The Kinks alikuwa ameichana spika yake kwa wembe ili apate mkwaruzo wa You Really Got Me.

Sasa niambie, asili iko wapi? Kidude cha Kariakoo kinaiga pedali iliyouiga mtambo mbovu ikajifanya tarumbeta. Nikirudi nyuma mpaka mwisho wa njia, sikuti ukweli umekaa kitini unaningoja. Nakuta mtambo umeharibika, na watu wenye masikio wamesimama kando yake wanasema: acha hivyo hivyo, hii tunaitaka.

Hapa kwetu pia mambo yalikuwa na utata wake. Bendi nyingi kubwa za dansi, vyombo havikuwa vya wanamuziki. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978, baadaye ikawa ya DDC. Mpigaji akihama, na walihama kweli kweli, gitaa na amplifaya vilibaki kwa mwenyewe. Mtu aliondoka na vidole vyake. Na bado mashabiki walimjua huko alikokwenda, kwa chombo cha tajiri mwingine.

Mtaani kwetu yuko mzee aliyewahi kupiga ridhimu katika bendi ya shirika moja. Nikamwendea.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Kaa."

Nikamweleza yote, na Plato nikamtia humo humo. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza jambo moja tu: "Na hicho kidude mkikizima, mwenzako atakuwa anapiga nini?"

Swali zuri. Ila mimi nililielewa vibaya, na kuelewa vibaya huko ndiko kulikoniingiza kwenye kosa ninalotaka kuliungama hapa.

Nilirudi Kariakoo nikanunua Zoom G1 Four. Sababu zangu zilikuwa za kidunia kabisa. Inakubali betri nne ndogo, zile za saa ya ukutani. Ina cha kutunia gitaa ndani yake. Inaweza kushika kipande ulichopiga ikakirudiarudia, na ina midundo ya drams. Kwetu hilo ni jambo kubwa, maana mpiga drams wetu ni mlinzi wa usiku, mchana amelala. Ilikuwapo pia Boss GT-1, yenye kanyagio la kupandisha na kushusha sauti kwa mguu, na efekti zaidi ya 100. Roho iliniuma. Niliitaka ile, na nikijichunguza kwa haki, niliitaka inifiche. Lakini zilikuwa fedha za watu.

(Kwa anayekwenda kununua: muuzaji akikufungulia sauti ya kwanza ya kiwandani, mshukuru halafu mwombe aizime. Imewekwa ya kwanza ili ikunase. Piga gitaa kavu, kisha ongeza kitu kimoja kimoja. Ukiweza, jaribu kwa amplifaya mbovu kama yenu, maana hiyo ndiyo mtakayopigia. Na kama muziki wenu ni wa magitaa yanayopokezana, chunga mkwaruzo. Ukizidi, mnapika uji.)

Usiku ule kabla sijaikabidhi, nilikaa nayo chumbani. Ina nafasi 50 za kuhifadhia sauti. Nikazisikiliza, na kadiri nilivyosikiliza ndivyo nilivyoona hatari: uwanja wa mpira, kanisa kubwa, gitaa linalolia kama paka. Nikajisemea, mwenzangu atazama humu asirudi. Nikatengeneza sauti moja safi yenye mwangwi kidogo, nikaanza kuiandika juu ya zile nyingine, moja baada ya moja. Wallahi nilijiona nabii anayevunja masanamu. Nilipofika ya thelathini na kitu, usingizi ukanichukua.

Kesho yake mpiga solo wetu akakanyaga, akakanyaga tena, akasikia kitu kile kile. Nikamweleza kwa fahari. Hakupiga kelele.

"Nani kakwambia siwezi kukataa mwenyewe?" akaniuliza. Kisha akaongeza, akiwa ameinamia kidude: "Wewe ulipoanza kuandika si ulikuwa Kezilahabi mtupu? Tulikuchoka. Kuna mtu alikufutia Kezilahabi?"

Bwana wee! Nilikosa pa kuweka uso. Ni kweli, ninalo daftari zima ambamo kila kijana ana huzuni isiyo na sababu na anautazama ukuta kurasa tatu. Lile daftari ni la kuiga mwanzo hadi mwisho. Lakini pale nilipoanza kuchoka na ule ukuta, nilichoka mimi mwenyewe. Kama kaka yangu angelichoma daftari lile kwa kunitakia mema, nadhani mpaka leo ningekuwa naamini kwamba ukuta ndio uandishi, na kwamba nilidhulumiwa.

Basi nimefika mahali hapa: kuiga sikuoni tena kuwa uongo. Wale wa Nashville hawakuwa wasafi kuliko sisi. Walipewa nafasi ya kusikia kitu cha ajabu na kukikubali. Nafasi hiyo ndiyo niliyomwibia mwenzangu, tena kwa fedha ambazo robo tatu yake haikuwa yangu. Nilimwogopea kudanganywa na mashine, nikamdanganya mimi. Mzee wa mtaani alikuwa ameuliza mwenzangu atapiga nini. Hakunituma nikamjibie.

Hata hivyo wasiwasi wangu haujaisha wote. Mtu asiyejua kabisa sauti fulani ilikotoka, je, anaweza kuikataa kweli, au anaibadilisha tu kama shati? Namwonea mashaka kijana anayeshinda kwenye sauti ya 1 mpaka ya 50 akitafuta ipi ndiyo yeye. Hilo sijalimaliza.

Kuhusu zile sauti nilizofuta, kumbe kijitabu kile kile nilichojivunia kukisoma kinaeleza namna ya kuzirudisha zote za kiwandani. Mpiga solo wetu alizirudisha kabla chai yangu haijapoa.

Juma lililofuata tulikuwa mazoezini uani kwa mpiga besi, umeme ukakatika. Amplifaya ikanyamaza. Kidude kikabaki kimewaka peke yake kwa betri zake, kioo chake kikituangaza viatu. Tukachomeka hedifoni, tukawa tunapokezana. Zamu yangu ilipofika nilisikia gitaa karibu kavu kabisa, na kwa mbali nyuma yake kitu kama mtu anayeburuta kiti sakafuni. Nikamwuliza mpiga solo ameitoa namba ngapi. Akasema hajaipa namba bado, nimpishe mpiga besi naye asikie.